Shimo halina daftari: nani alipanga kazi, nani hakurudi



Kila mara mgodi unapobomoka, maneno tunayosikia ni yale yale. Ni mvua. Ni Mungu. Ni bahati mbaya, udongo ulikuwa umechoka. Tunalia, tunazika wale walioonekana, na kisha ya wiki mbili watu wanarudi kuchimba pembeni ya shimo lile lile. Leo nataka turudi nyuma karibu miaka mia moja tuulize swali lingine: siku ile, kazi ilikuwa imepangwa na nani, na kwa namna gani? Maana mvua inanyesha juu ya mashimo yote, lakini mashimo hayauwi watu sawasawa.

Tuanzie Katanga, kwa sababu ni kule kazi kubwa ya migodi ilianzia katika inchi yetu. Kompani ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ikayeyushwa pale. Shida ilikuwa watu. Katanga ilikuwa na wakaaji wachache, na wakulima hawakuwa na sababu ya kuacha mashamba yao ili kuingia katika kazi ya wazungu. Mwaka 1910 ikaundwa ofisi ya kutafuta wafanyakazi, Bourse du Travail du Katanga. Mawakala wake walizunguka vijijini, wakitumia machifu na nguvu za Bula Matari. Wengine waliletwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia.

Mikataba ya wakati ule ilikuwa ya miezi michache tu. Mtu anafika amechoka na safari, analala katika kambi iliyojaa, anakula chakula asichokizoea, anapewa chombo asichokijua, na anapoanza kujua kazi, mkataba umekwisha. Anakwenda, analetwa mwingine mjinga wa kazi. Ni kweli kwamba wengi walikufa kwa magonjwa kuliko kwa mawe: nimonia, kuhara damu, tifo. Lakini ugonjwa na ajali vilitoka katika mpango mmoja. Kompani ilikuwa inatumia watu kama kuni: moja ikiisha, unaongeza nyingine.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 mambo yakageuka. Union Minière ilianza kutoa mikataba ya miaka mitatu, ikaruhusu wanaume waje na wake zao, ikajenga nyumba, hospitali, na baadaye masomo. Watu wengi waliandikwa kutoka Kasai, Maniema, na Rwanda na Burundi. Kompani haikupata roho ya huruma kwa ghafla, ilipiga hesabu. Kumleta mtu mpya kila mara kulikuwa na bei kubwa kuliko kumtunza yule aliyekwisha kujua kazi. Na vifo vikapungua sana katika miaka iliyofuata. Mtu aliyekaa mgodini miaka mitano anajua sauti ya mwamba. Anajua wakati mti wa kuzuia unapoanza kulia. Maarifa hayo hayaingii katika mwili kwa miezi sita, na hakuna mzungu anayeweza kuyaleta kutoka Ulaya ndani ya sanduku.

Musifikiri ninasifu ukoloni. Kambi zile zilikuwa za kutunza watu na vilevile za kuwachunga. Amri ilitoka juu, ikapita kwa kapita, ikafika kwa mchimbaji, na hakukuwa na njia ya kurudisha neno juu. Desemba 1941, wakati wafanyakazi wa Union Minière walipogoma kwa ajili ya mshahara, askari waliwapiga risasi pale Elisabethville, tarehe 9, na makumi ya watu wakafa. Kwa hiyo kompani ilikuwa imejifunza kuweka mtu hai ili afanye kazi, lakini haikukubali mtu huyo aseme hapana.

Sasa nivuke bahari kidogo, kwa sababu watu wengi hapa kwetu wanaamini kwamba mashine na wahandisi ndivyo vinavyozuia kifo. Tazameni yaliyotokea Ubelgiji kwenyewe, katika inchi ya wale waliokuwa wakitutawala, wakati sisi tungali koloni.

Asubuhi ya tarehe 8 Agosti 1956, katika mgodi wa makaa ya mawe wa Bois du Cazier, huko Marcinelle karibu na mji wa Charleroi, watu 275 walishuka. Wengi walikuwa Waitalia. Mwaka 1946 serikali za Italia na Ubelgiji zilikuwa zimepatana: Italia ilete wafanyakazi 50 000, Ubelgiji itoe makaa. Yaani ni ule ule mpango wa Katanga, wa kuleta watu maskini wa mbali kwa kazi ambayo wenyeji hawaitaki tena, safari hii kati ya wazungu kwa wazungu.

Mgodi huo ulikuwa na kizimba cha kupandisha na kushusha watu na mabehewa ya makaa. Kizimba kimoja kilitumika kwa ngazi mbalimbali za chini, mita 765 na mita 975. Kwa hiyo ilibidi walio chini na walio juu wapatane kila mara: sasa kizimba ni cha nani? Asubuhi ile, kwenye mita 975, mtu wa kupakia alielewa kwamba ni zamu yake, akasukuma behewa lenye makaa ili litoe lile tupu. Behewa halikuingia vizuri. Likakwama, sehemu yake ikibaki nje. Juu walielewa kwamba kizimba kinangojewa kwingine. Kikapanda. Chuma kilichotokeza nje kikagonga boriti, kikakata bomba la mafuta, kikakata waya za umeme mkubwa, kikakata bomba la hewa. Mafuta, cheche na hewa vikakutana mahali pamoja. Feni za mgodi, zilizowekwa ili watu wapumue, zikausukuma moshi ndani kwa watu.

Watu 262 walikufa. Kati yao Waitalia walikuwa 136. Waliokufa walikuwa wa mataifa 12.

Ukiisoma habari hiyo haraka utasema: kosa la yule aliyesukuma behewa. Ndivyo wengi walivyosema siku zile, tena huyo alikuwa mgeni na Kifaransa chake kilikuwa cha shida. Lakini simameni hapo kidogo. Ni nani aliyepanga kwamba kizimba kimoja kitumikie ngazi mbili kwa kupatana kwa maneno tu? Ni nani aliyeacha bomba la mafuta lipite karibu na waya za umeme? Ni nani aliyemweka mtu asiyejua vizuri lugha ya kazi mahali ambapo neno moja linaua? Milango ya kuzuia moto ilikuwa ya mbao. Shimo jipya la tatu, ambalo lingeweza kuwa njia nyingine ya kutokea, lilikuwa bado linachimbwa. Mahakamani, kisha ya miaka, mwenye kupata hukumu alikuwa mhandisi mmoja tu, kifungo cha miezi ambacho hakukitumikia gerezani, pamoja na faini.

Hata hivyo vifo vile vilibadilisha jambo. Italia ilisimamisha kupeleka watu wake katika migodi ya Ubelgiji. Mwaka 1957 inchi za Ulaya zilizokuwa na ushirika wa makaa na chuma ziliunda tume ya kudumu ya usalama wa migodi. Waitalia walikuwa na serikali iliyoweza kusema: hatuleti tena watu. Wakongo wa Katanga, mwaka ule ule wa 1956, hawakuwa na serikali ya kuwasemea.

Turudi kwetu. Kisha ya uhuru, tarehe 1 Januari 1967, Mobutu alichukua mali ya Union Minière, na ndipo ikazaliwa ile tunayoita Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa ikitoa shaba zaidi ya tani 470 000 kwa mwaka. Kisha pesa za kutengeneza mashine zikaliwa kwingine, na Septemba 1990 sehemu kubwa ya mgodi wa chini wa Kamoto, karibu na Kolwezi, ikabomoka. Katikati ya miaka ya 1990 kompani nzima ilikuwa ikitoa chini ya tani 50 000. Huku Kivu na Maniema, makompani ya Wabelgiji yaliyochimba dhahabu na kasiterite yaliunganishwa mwaka 1976 kuwa SOMINKI. Wazee wa Kamituga wanaikumbuka vizuri: king'ora cha asubuhi, posho, hospitali, shule. Bei ya kasiterite ilipoanguka mwaka 1985, SOMINKI ikaanza kufa pole pole, na vita vya 1996 vikaimaliza.

Katikati ya hayo kulikuwa na sheria moja ambayo wengi wameisahau, ya Novemba 1982. Mobutu aliruhusu raia kuchimba dhahabu na almasi kwa mikono yao. Watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi, maana kabla ya hapo kuokota jiwe la dhahabu kulikuwa wizi. Lakini sheria ile ilifungua mlango wa kuchimba bila kufungua mlango wa usalama. Kompani ilipoondoka, iliondoka na ramani, na pampu, na feni, na yule kapita aliyekuwa na kazi moja tu ya kupima hewa na kugonga dari. Mashimo yalibaki.

Sasa tazameni namna kazi inavyopangwa leo katika mashimo ya Kamituga, teritwari ya Mwenga. Anayeitwa PDG ndiye mwenye shimo. Usidanganywe na jina. PDG wengi si matajiri, ni watu waliouza ng'ombe au walioazima pesa. Yeye analeta chakula, vyombo, miti, mafuta ya motopompi. Chini yake yupo mkubwa wa kikundi, kisha wenye kupasua mwamba, wenye kubeba, na wale wa kuweka miti, tunaowaita boiseurs. Juu ya ardhi wako akina mama twangaise, wanaotwanga mawe kuanzia asubuhi mpaka jioni na kumeza vumbi lake.

Kuna miezi mirefu ya kuchimba mawe matupu kabla ya kuufikia mshipa wa dhahabu. Katika miezi hiyo mtu hapati mshahara; anapata chakula na ahadi. Deni linapanda kwa muuza duka, kwa mwenye nyumba, kwa mwalimu wa mtoto. Siku mshipa unapoonekana, kila mtu mle ndani anafanya kazi ya kulipa deni la miezi. Sasa mvua inaanza kunyesha. Nani atasema tutoke? Mkubwa wa kikundi? Yeye pia ana deni. PDG? Hayupo chini, na yeye ndiye mwenye deni kubwa kuliko wote.

Jambo la pili ni miti. Kwa kawaida gharama zinatolewa kwanza, na kinachobaki ndicho kinachogawanywa. Kwa hiyo kila mti unaosimamishwa kuzuia dari unakula kidogo katika fungu la kila mmoja, hata la yule utakayemwokoa. Mimi naona hapa ndipo penye kisu. Siyo kwamba vijana wetu hawajui kuweka miti. Wanajua sana, wengine walifundishwa na baba zao waliokuwa SOMINKI. Lakini mpango wa malipo unamwadhibu anayeweka miti mingi na kumsifu anayekimbia.

Tena chini ya ardhi hakuna mipaka. Shimo la PDG huyu linakutana na la yule, na yote mawili yanakutana na njia za zamani za kompani ambazo hakuna aliye na ramani yake. Ukitoboa ukuta, unaweza kufungulia maji yaliyolala huko tangu wakati wa Zaire. Kila shimo lina mkubwa wake, lakini mlima mzima hauna mkubwa.

Tarehe 11 Septemba 2020, mwanzo wa mvua, maji yaliingia katika mashimo ya mahali panapoitwa Detroit, hapo Kamituga. Mkuu wa jimbo wa wakati ule alitangaza watu 50 waliokufa, wengi wao vijana. Hesabu ya kweli ilibaki ya kukadiria. Hakuna aliyekuwa na orodha ya walioshuka. Majirani na wachimbaji wenzao ndio walioanza kutafuta, kama kawaida, kwa mikono na kwa vyombo walivyokuwa navyo.

Watu wa Kolwezi watasema: kwenu hakuna kompani, ndiyo sababu. Lakini tarehe 27 Juni 2019, katika mgodi wa KOV, ndani ya eneo la Kamoto Copper Company yenye wahandisi wa kila aina, udongo uliangukia wachimbaji wa mikono waliokuwa wameingia bila ruhusa. Serikali ilihesabu maiti 43. Ndani ya shimo moja kulikuwa na mipango miwili ya kazi: huku watu wenye kofia, mkataba na kiongozi wa usalama, kule watu wanaoingia kwa kujificha na kuchimba haraka kabla ya kufukuzwa. Anayechimba akiogopa askari hana muda wa kutazama ukuta juu yake. Jibu la serikali lilikuwa kupeleka askari zaidi. Waliondoa watu, ndiyo, lakini njaa iliyowaleta waliiacha palepale.

Katika karatasi tuna sheria nzuri. Kanuni ya kazi ya Oktoba 2002 inataka mahali pa kazi pawe na kamati ya usalama, usafi na hata upambaji wa mahali pa kazi. Ndugu, upambaji! Kanuni za migodi zinakataza mchimbaji wa mikono kupita mita 30 kwenda chini. Sheria ya migodi iliyorekebishwa Machi 2018 inataka wachimbaji wawe ndani ya kooperative, na kuna idara ya Leta, SAEMAPE, ya kuwasaidia. Lakini kooperative nyingi ni jina juu ya karatasi. Wanaoziongoza ni wenye pesa, na anayeshuka shimoni hajui hata rais wake ni nani. Na bima ya ajali, ile iliyoanza na INSS mwaka 1961 na leo ni CNSS, inamfuata mtu mwenye mwajiri aliyejiandikisha. Mchimbaji wa PDG hana mwajiri. Ana mwenzake wa biashara, ndivyo wanavyosema, na mwenzako wa biashara hamlipi mjane.

Sasa niwaseme ninyi mliokimbia vita, maana hili linawagusa kuliko wengine. Ukitoka kijijini bila shamba, na chakula cha msaada kikichelewa, mgodi ndiyo kazi inayokupokea bila karatasi. Lakini mgeni anapewa kazi gani? Anapewa kubeba, katika njia iliyo mbali kuliko zote, au anatumwa katika shimo ambalo wenyeji wameshaliogopa. Hajui ni upande gani maji yanatokea. Hajui lugha yote ya wenzake, kama yule Mwitalia wa Marcinelle. Ni yeye yule wa Katanga wa mwaka 1911, aliyeshuka kutoka garini jana.

Kitu kimoja kuhusu Marcinelle sijakisema. Katika migodi ya Ubelgiji kila mchimbaji alikuwa na namba yake. Kabla ya kushuka aliacha kipande cha chuma chenye namba hiyo, akapewa taa. Akipanda, alirudisha taa na kuchukua chuma chake. Kwa hiyo wanawake waliosimama nje ya mlango wa chuma siku zile za Agosti waliteswa na mengi, lakini hawakuteswa na swali la kama mume wake alikuwa chini au hakuwa. Namba ilikuwa imening'inia ukutani. Ndiyo maana leo tunaweza kuandika 262, wala si karibu mia mbili na kitu.

Huku kwetu anayehesabiwa ni yule ambaye kuna mtu anayemngojea nyumbani na anayejua jina la shimo. Kijana aliyeacha mama yake kwenye kambi, akamwambia anaenda kutafuta maisha, akabadilisha shimo mara tatu kwa mwezi, huyo akifunikwa haingii hata katika kukadiria.

Nimeona mashimo machache, si mengi, ambapo mlangoni anakaa mzee mmoja mwenye mguu mbovu, naye ana daftari la shule. Unaposhuka anaandika jina lako, na jina la mtu wa kuitwa. Unapotoka anapiga mstari. Kikundi kinamlipa kwa fungu dogo la mawe, na jioni, kabla ya kufunga daftari, anasoma kwa sauti majina ambayo hayajapigwa mstari, mpaka kila mmoja aitike.